Pafu lililosinyaa na majibu ya kipimo cha kupuliza

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa miaka 27, kimo changu ni sentimita 181, ni mwembamba, na nimevuta sigara kwa miaka kadhaa. Pafu langu la kulia lilisinyaa ghafla bila ya mimi kuanguka wala kugongwa. Hospitalini niliwekewa mpira kifuani, ukatolewa siku ya tano. Wiki tatu baadaye nilikwenda kupimwa afya kwa ajili ya kazi ya mgodini, nikapulizishwa mashine mara tatu huku kifua kikiendelea kuuma kila ninapovuta pumzi ndefu. Karatasi inasema FVC ni lita 3.52, yaani asilimia 68. FEV1 ni lita 3.06, yaani asilimia 70. Na uwiano ni 0.87. Mara mbili nyingine nilipata lita 3.21 na 2.98. Chini wameandika kwamba mapafu yangu yamebanwa na kwamba sifai kwa kazi. Je, pafu langu limeharibika moja kwa moja? Na je, kupuliza kwa nguvu namna ile kungeweza kulisinyaza tena?

Jibu: Marahaba, kijana wangu, na pole kwa yaliyokupata. Nianze na unalolihitaji zaidi: karatasi hiyo haithibitishi kwamba pafu lako limeharibika. Inathibitisha jambo moja tu, kwamba siku ile ulitoa hewa kidogo kuliko inavyotarajiwa kwa mtu wa umri na kimo chako. Sababu inaweza kuwa hewa iliyobaki au iliyorudi nje ya pafu, inaweza kuwa maumivu yaliyokuzuia kuvuta pumzi hadi mwisho, na inaweza kweli kuwa kovu au ugonjwa mwingine wa kifua. Mashine ya kupuliza haina uwezo wa kutenganisha sababu hizo. Picha ya eksirei inao uwezo huo kwa sehemu kubwa, na katika maelezo yako yote sikuona mahali unaposema kwamba ulipigwa picha nyingine baada ya mpira kutolewa.

Ili uelewe namba zako, elewa kwanza kilichotokea kifuani. Pafu limefunikwa na utando mwembamba uitwao pleura, na ukuta wa kifua kwa ndani nao umefunikwa na utando wa aina hiyohiyo. Tando hizi mbili huteleza moja juu ya nyingine lakini haziachani, kama vipande viwili vya nailoni vilivyolowa maji. Pafu kwa asili yake hutaka kujikunja, na mbavu kwa asili yake hutaka kutanuka. Mvutano huo ndio unaolifanya pafu libaki limefunguka hata unapokuwa umelala. Hewa ikipenya katikati ya tando hizo, mshikamano hukatika, pafu hujikunja kuelekea mzizi wake, na mbavu za upande huo hutanuka kidogo. Hali hii kitaalamu huitwa nyumothoraksi. Kwa vijana warefu wembamba, hewa mara nyingi hutoka kwenye vilengelenge vidogo vilivyo karibu na ncha ya juu ya pafu, ambavyo hupasuka bila sababu ya nje, na uvutaji wa sigara huongeza hatari hiyo mara nyingi. Iko pia hali nyingine ambayo watu huiita kwa jina hilohilo la pafu kusinyaa, ambapo bomba la hewa limeziba kwa makohozi, uvimbe au kitu kilichomezwa vibaya, na sehemu iliyo mbele ya kizuizi ikanywea. Hiyo si yako, kwa kuwa wewe uliwekewa mpira wa kutoa hewa.

Sasa tuje kwenye kipimo. FVC ni jumla ya hewa yote unayoweza kuitoa kwa nguvu baada ya kujaza kifua hadi mwisho. FEV1 ni ile sehemu ya hewa hiyo inayotoka katika sekunde ya kwanza. Kwa mwenye pumu au mwenye mapafu yaliyochakazwa na moshi, njia za hewa ni nyembamba, hewa hutoka polepole, FEV1 hushuka kuliko FVC, na uwiano wa hizo mbili huwa mdogo. Kwa aliyesinyaa pafu, njia za hewa hazijaziba, kinachopungua ni nafasi ya kuijaza hewa yenyewe. Kwa hiyo FVC na FEV1 hushuka pamoja, na uwiano hubaki wa kawaida au hupanda kidogo. Namba zako, asilimia 68, asilimia 70 na uwiano wa 0.87, zinafuata sura hiyo, na aliyeandika kwamba mapafu yamebanwa hakuzitunga. Kosa lipo katika kuiona sura hiyo kuwa tayari ni jina la ugonjwa. Sura hiyohiyo huonekana kwa mtu mwenye kovu la pafu, mwenye maji kifuani, mwenye uti wa mgongo uliopinda, mwenye misuli dhaifu ya kupumulia, mnene kupita kiasi, na hata kwa mtu mwenye mapafu mazima ambaye hakuvuta pumzi ya kutosha.

Kiasi cha kushuka hufuata kiasi cha kusinyaa, ingawa si kwa hesabu kamili. Pafu la kulia hubeba takriban asilimia 55 ya kazi ya kupumua na la kushoto asilimia 45, kwa hiyo pafu la kulia likijikunja lote, mtu hubaki na chini ya nusu ya uwezo wake. Kwa kijana asiye na ugonjwa mwingine, nyumothoraksi ndogo inaweza kuipunguza FVC kidogo tu, na kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikaonyesha namba ya kawaida kabisa akiwa ameketi. Ndiyo maana sipendi kuwasikia watu wakituliza mgonjwa kwa kusema oksijeni yake ni 97. Kwenye picha, ukanda wa hewa wenye upana wa sentimita 2 katika usawa wa mzizi wa pafu unaweza kuonekana mdogo machoni, lakini kwa makadirio yanayokubalika unamaanisha kwamba karibu nusu ya ujazo wa pafu hilo imepotea.

Je, hewa inaweza kuwa bado imo kifuani mwako? Hewa iliyonaswa humezwa na mwili polepole, kati ya asilimia 1.25 na 2.2 ya ujazo wa upande huo wa kifua kwa siku moja. Tuseme mpira ulipotolewa ilikuwa imebaki asilimia 20; hiyo ingehitaji siku 9 hadi 16 kwisha. Wewe ulipimwa baada ya wiki tatu, kwa hiyo mabaki ya kwanza yangepaswa kuwa yamekwisha, isipokuwa kama tundu liliendelea kuvuja au pafu lilisinyaa upya. Kusinyaa upya si jambo la nadra: hutokea kwa karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopata tukio la kwanza, na mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza. Uwezekano huu haupaswi kukutia hofu, lakini ni mkubwa kiasi cha kufanya picha ya kifua iwe ya lazima kabla ya mtu yeyote kuandika neno juu ya ubora wa mapafu yako.

Nimeyatazama kwa makini zaidi mapulizo yako matatu, kwa sababu yanaeleza zaidi kuliko ile asilimia 68. Ulitoa lita 3.52, kisha 3.21, kisha 2.98. Kipimo kizuri kinahitaji angalau mapulizo matatu yanayokubalika, na yale mawili makubwa zaidi yasitofautiane kwa zaidi ya mililita 150. Yako yanatofautiana kwa mililita 310, tena yanashuka kila unaporudia. Mtu ambaye mapafu yake yamebanwa na kovu kwa kawaida hutoa kiasi kidogo, lakini hutoa kilekile kila mara, kwa kuwa kovu halibadiliki ndani ya dakika kumi. Anayeshuka kwa mpangilio kama wako mara nyingi ni mtu anayeumia, au aliyechoka, au ambaye njia zake za hewa zinabana kadiri anavyopuliza, na huyo wa mwisho uwiano wake kwa kawaida ungeshuka pia, jambo ambalo halikutokea kwako. Mpimaji alikuwa na nafasi ya kukupumzisha na kukurudisha, kwa sababu utaratibu unaruhusu hadi mapulizo 8 kwa mtu mzima, au kukwambia kwamba kipimo hakikufaulu na urudi siku nyingine. Kuichukua namba kubwa kati ya tatu zisizokubaliana, na kuihesabu kuwa ndiyo hali yako, hakukukutendea haki.

Kama karatasi yako ina mchoro, tazama ule mstari wa ujazo dhidi ya muda. Unapaswa kupanda kwa kasi, kisha kulala taratibu hadi uwe kama umenyooka, maana yake hewa imekwisha kweli. Ukiuona umekatika ghafla ungali unapanda, tuseme kwenye sekunde ya pili, jua kwamba uliacha kupuliza kabla ya kumaliza. Hapo FEV1 imeshakamatwa katika sekunde ya kwanza, FVC imekatwa mkia, na uwiano unapanda kwa uongo. Mtu mzima wa afya anaweza kuandikiwa kwamba amebanwa kwa sababu hiyo tu. Na ikiwa maumivu yalikuzuia mwanzoni, wakati wa kujaza kifua, basi FVC na FEV1 zote mbili hushuka pamoja, na mchoro unaweza kuonekana safi kabisa. Mashine haijui kwamba hukujaza. Ni mpimaji anayekutazama mabega na uso ndiye anayejua.

Nigusie pia zile asilimia. Mwaka 1846 tabibu John Hutchinson wa London, aliyebuni kipimo hiki na kupima zaidi ya watu 2,000, alionyesha kwamba hewa ambayo mtu anaweza kuitoa hufuata sana kimo chake. Mpaka leo mashine hulinganisha namba yako na jedwali la watu wa umri, jinsia na kimo kama chako, na hapo matatizo huingia. Majedwali ya kimataifa ya GLI, mpango wa kimataifa wa vipimo vya utendaji wa mapafu, ya mwaka 2012 yaliwagawa watu kwa makundi ya asili, na jedwali la watu weupe humtarajia mtu kuwa na FVC kubwa kwa karibu asilimia 15 kuliko lile la Wamarekani Weusi, wakati takwimu za Afrika yenyewe hazikutosha kupata jedwali lake. Siku hizi inapendekezwa kutumia jedwali moja lisilogawa watu, na mpaka wa chini uwekwe kwa kipimo cha alama z cha −1.645 (alama z huonyesha namba yako iko mbali kiasi gani na wastani wa watu kama wewe), badala ya ile desturi ya kusema chini ya asilimia 80 ni ugonjwa. Uliza mashine yao ilitumia jedwali gani. Hata hivyo sitaki kukupoza kwa maneno: kwa kimo chako lita 3.52 ni kidogo kwa jedwali lolote la kawaida, kwa hiyo tofauti ya majedwali haiwezi kuwa maelezo yote.

Ili kusema kwa uhakika kwamba mapafu yamepungua ujazo, ni lazima kupima ujazo wote, pamoja na ile hewa inayobaki kifuani hata baada ya kupuliza hadi mwisho. Zipo njia za kupima za namna mbili kwa kazi hiyo, na katika nyumothoraksi hazikubaliani, jambo ambalo kwangu ni moja ya mambo yanayofundisha sana katika fani hii. Katika njia ya kwanza mgonjwa huvuta gesi ya heliamu, ambayo huenea tu katika sehemu zinazowasiliana na koo. Hewa iliyo nje ya pafu, ikiwa tundu limeziba, haihesabiwi. Katika njia ya pili mgonjwa huketi ndani ya kibanda kilichofungwa, na mashine hukokotoa hewa yote inayobanika na kutanuka kifuani, iwe ndani ya pafu au nje yake. Kwa hiyo mgonjwa yuleyule, siku ileile, anaweza kuonekana ana ujazo mdogo kwa heliamu na ujazo karibu wa kawaida kwenye kibanda, na tofauti kati ya namba hizo mbili huwa inakaribia hewa iliyonaswa. Vipo pia vipimo vya jinsi gesi inavyopita kutoka pafuni kwenda kwenye damu, vinavyotumia kiasi kidogo sana cha kaboni monoksaidi. Pafu zima ambalo halijafunguka vizuri hupitisha gesi kidogo kwa jumla, lakini kwa kila lita ya pafu lililofunguka hupitisha vizuri, hata kuzidi kawaida. Pafu lenye kovu ndani yake kwa kawaida haliwezi kufanya hivyo. Mashine hizi ni ghali na hazipatikani katika hospitali nyingi za mikoa yetu. Wewe huna haja ya kuzitafuta sasa, lakini ukirudia kupuliza na namba zikabaki chini, hapo ndipo rufaa itakuwa na maana.

Umeuliza kama pafu limeharibika moja kwa moja. Pafu lililosinyaa kwa siku chache likafunguka lote, kwa mtu asiye na ugonjwa mwingine, kwa kawaida hurudi kwenye uwezo wake au karibu sana na hapo. Kinachoacha upungufu wa kudumu ni pafu kukaa limekunjwa kwa muda mrefu, hasa kukiwa na damu, usaha au maambukizi kati ya tando, kwa sababu hapo pleura hunenepa, hugeuka gamba gumu, na pafu hushindwa kutanuka hata hewa ikiondolewa. Historia ya kifua kikuu inatuonyesha jambo hili waziwazi. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, baada ya daktari Mwitaliano Carlo Forlanini kuipendekeza njia hiyo mwaka 1882, madaktari waliyasinyaza mapafu ya wagonjwa wa TB kwa makusudi kwa kuingiza hewa kifuani, wakairudia kwa miezi na miaka, hadi dawa kama streptomaisini zilipopatikana katika miaka ya 1940. Baadhi ya waliopona walibaki na pleura nene na upungufu wa pumzi uzeeni. Siku zako tano za mpira haziko katika kundi hilo.

Hata hivyo katika nchi zetu sikubali kumwacha mgonjwa wa nyumothoraksi bila kumchunguza kifua kikuu. Kama ulikuwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito, mweleze daktari na utoe makohozi yapimwe. TB hupasua pafu, na pia huacha makovu yanayoleta namba kama zako, kwa hiyo ingeeleza mambo yote mawili kwa mpigo. Kipimo cha Virusi vya UKIMWI nacho kina nafasi yake hapa, kwa kuwa nimonia ya pneumocystis inayowapata wenye kinga iliyoshuka ni chanzo kinachojulikana cha pafu kupasuka.

Hapa niseme neno kwa wasomaji wenye pumu au mapafu yaliyochakaa kwa moshi. Kwenu uwiano ulikuwa mdogo tangu mwanzo, na pafu likisinyaa utabaki mdogo, ila FVC na FEV1 zitashuka ghafla. Ni rahisi kuliona jambo hilo kuwa pumu imezidi, mtu akaendelea kujipulizia salbutamoli nyumbani. Kipimo cha kupuliza kikishuka ghafla pamoja na maumivu ya upande mmoja wa kifua, na dawa ya kila siku ikakosa kusaidia, kinachohitajika ni hospitali na picha ya kifua siku hiyohiyo.

Kuhusu hatari ya kupuliza: wasiwasi wako una msingi. Kupuliza kwa nguvu zote huongeza sana shinikizo ndani ya kifua, na mwongozo wa pamoja wa vyama vya madaktari wa mapafu vya Marekani na Ulaya wa mwaka 2019 umeiweka nyumothoraksi iliyopo miongoni mwa hali zinazotaka kipimo kiahirishwe, pamoja na upasuaji wa kifua uliofanyika ndani ya wiki 4. Nyumothoraksi iliyokwisha si kizuizi, lakini huwezi kujua kwamba imekwisha bila picha. Walipaswa kukuuliza habari za kifua chako kabla ya kukupa mashine. Kama tangu siku ile hukupata maumivu mapya ya ghafla wala kuishiwa pumzi, yaelekea hakuna madhara yaliyotokea. Mimi mwenyewe hupendelea kusubiri wiki 4 hadi 6 baada ya picha kuonyesha kwamba pafu limefunguka lote na maumivu yamekwisha, ndipo nimpulizishe mtu kwa ajili ya cheti cha kazi.

Kwa hiyo nenda kapigwe picha ya kifua wiki hii, ukiwa umesimama, na uiombe ilinganishwe na ile ya siku mpira ulipotolewa. Ikiwa safi, rudia kipimo baada ya muda niliousema, ukiwa umeketi wima, pua imebanwa, bila kula shibe kubwa kabla. Vuta pumzi mpaka isiingie tena, kisha puliza papo hapo bila kusita, uendelee mpaka mpimaji aseme basi. Sigara iache kabisa, na bangi pia kama unavuta. Safari ya ndege isubiri angalau siku 7 baada ya picha kuonyesha pafu limefunguka lote, na kuzamia kwa mitungi ya hewa usikufanye kabisa, isipokuwa daktari wa kifua akuruhusu baada ya upasuaji wa kuzuia kujirudia. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja, kuhema, midomo kubadilika rangi au kizunguzungu vikikupata kabla ya hapo, usingoje miadi. Nenda idara ya dharura na uwaambie mapema kwamba pafu lako liliwahi kusinyaa.

Kuhusu mgodi, mwombe daktari wa mwajiri aahirishe uamuzi badala ya kuufunga, na umpelekee picha mpya pamoja na muhtasari wa kulazwa kwako. Ana sababu yake mwenyewe ya kukubali. Kipimo cha kuanzia kazi ndicho msingi ambao mapafu yako yatalinganishwa nao kwa miaka yote utakayovuta vumbi la mawe. Ikiandikwa leo kwamba msingi wako ni lita 3.52, wakati uwezo wako halisi ni karibu lita 5, basi vumbi linaweza kukuondolea lita nzima baada ya miaka kumi, na karatasi ikaonyesha kwamba umepata nafuu. Kwenye machimbo yenye silika, yaani madini ya mawe ambayo vumbi lake huharibu mapafu, kosa la namna hiyo huficha ugonjwa usio na dawa ya kuuondoa, kwa hiyo hata kama wangekuajiri kesho kwa majibu haya, bado ningekusihi udai kipimo kirudiwe kabla ya kuteremka chini.